Mpira wa kikapu wa wanaume wa chuo cha Grinnell: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Grinnell ni chuo gani?

Ni chuo kidogo cha shahada ya kwanza katika mji wa Grinnell, jimbo la Iowa, Marekani, njiani kati ya Des Moines na Iowa City, eneo la mashamba ya mahindi na soya. Kilianzishwa 1846 na kina wanafunzi wapatao 1,700. Kinajulikana zaidi kwa masomo kuliko michezo. Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa Intel, alisoma hapo. Timu zake zinaitwa Pioneers, rangi zake ni nyekundu na nyeusi, na zinacheza ligi ya Midwest Conference katika Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Ile ya kikapu ya wanaume inajulikana kwa mtindo wa mbio na mitupo mingi unaoitwa Mfumo.

Hiyo Divisheni ya Tatu ndiyo inayoeleza mengi. Vyuo vya daraja hilo haviruhusiwi kumlipia mtu ada kwa sababu tu anajua mpira. Kwa hiyo kijana anayevaa jezi ya Grinnell amekuja kusoma kemia au historia, na kocha hana kamba ya kumfungia. Akichoka kukaa benchi anaondoka, anarudi maktaba. Usipolishika jambo hili, mengine yote kuhusu timu hii utayaona kama vituko.

Je, timu ilikuwa ndogo siku zote?

Hapana. Grinnell iliwahi kuwa mwanachama wa Missouri Valley, ligi iliyokuwa na vyuo vikubwa vya katikati ya Marekani, hadi 1939. Baada ya hapo ikahamia Midwest Conference, kati ya vyuo vya saizi yake kama Beloit, Ripon, Knox na Lawrence. Ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo 1962, kisha ukame ukaingia: zaidi ya miaka 20 bila msimu hata mmoja wa ushindi mwingi kuliko vipigo.

Kocha David Arseneault aliingia lini, na alikuta nini?

Alichukua timu 1989. Mwenyewe alikuwa amesoma Colby, chuo kingine kidogo, huko Maine. Alikuta kikosi kilichozoea kufungwa, na jambo baya zaidi ya kufungwa: wachezaji wa akiba waliohudhuria mazoezi kila siku na kucheza dakika mbili za mwisho mechi ikiwa imeshaharibika. Misimu yake ya mwanzo alicheza kikapu cha kawaida, na matokeo yakawa ya kawaida. Ndipo akageuza swali. Badala ya kuuliza "watano wangu bora ni nani?", akauliza "nikitaka wote 15 wacheze, mchezo uchezweje?"

Tunasisitiza mpangilio huo kwa sababu watu wengi huuanza kinyume. Wanadhani alitaka pointi nyingi, kisha akahitaji watu wengi. Watu wengi ndio waliotangulia. Pointi zilifuata.

Aliubuni Mfumo wote mwenyewe?

Sehemu kubwa ya mbio ilitoka kwa Paul Westhead, aliyefundisha Loyola Marymount ya Los Angeles katika miaka ya 1980. Loyola Marymount ya msimu wa 1989–90 ilifunga wastani wa pointi 122.4 kwa mechi, na hadi leo hakuna timu ya Divisheni ya Kwanza iliyofika hapo. Kwa Westhead, Arseneault alichukua kukimbia na kurusha mapema. Alichoongeza ni vitu viwili: kubadilisha watu watano kwa mpigo, na kuufanya mstari wa pointi tatu, ule ambao mtupo wa nyuma yake huhesabiwa tatu badala ya mbili, uwe uti wa mgongo wa hesabu nzima.

Bila mstari huo Mfumo usingekuwepo. NCAA iliuweka kwa wanaume wote msimu wa 1986–87, miaka mitatu tu kabla Arseneault hajafika Iowa.

Tueleze basi: Mfumo unachezwaje?

Kikosi hugawanywa makundi matatu ya watu watano. Kila kundi huingia kwa zamu fupi, kwa kawaida kati ya sekunde 35 na dakika moja na nusu, kisha hutoka lote na jingine kuingia, kama wanavyofanya wacheza hoki ya barafu. Zamu ni fupi kwa sababu kazi ya ndani ya zamu ni ya kukata pumzi. Mchezaji anakimbia kwa nguvu zote muda wote, bila kujiwekea akiba. Anayejiwekea akiba kwa ajili ya dakika ya tatu ameshauvunja Mfumo, maana dakika ya tatu si yake.

Wakiwa na mpira, lengo ni kurusha ndani ya sekunde 12 hivi. Mpinzani akifunga, mtu mmoja aliyepangwa anaudaka mpira ukitoka kwenye wavu, hata haujagusa sakafu, anaruka nje ya mstari na kuurusha ndani papo hapo. Mwongoza mchezo anaupokea akiwa tayari amegeuka kuelekea mbele. Wawili wanakimbia kandokando ya uwanja, mmoja kila upande, hadi nyuma ya mstari wa pointi tatu. Wa nne anakwenda moja kwa moja kwenye kikapu, na aliyerusha mpira ndani anafuata nyuma. Mpira haupigwi chini mara nyingi. Mtupo wa kwanza ulio wazi ndio unaorushwa, na kama ni wa pointi tatu ni bora zaidi. Hapo hapo wengine wanakwenda kugombea ribaundi, kwa sababu mtupo wa haraka hukosa mara nyingi, na ukikosa ulinzi wa mpinzani huwa haujapanga miguu.

Wasipokuwa na mpira, wanabana uwanja mzima, mechi nzima. Pasi ya kwanza inazuiwa. Ikifika, wawili wanamvamia aliyeipokea na watatu waliobaki wanaotea pasi inayofuata. Hawarudi nyuma kupanga ulinzi wa kanda chini ya kikapu.

Kama hawarudi nyuma, si mpinzani anafunga bure?

Anafunga, na hili ndilo linalowasumbua sana makocha wanaoliona mara ya kwanza. Mpinzani akipenya mtego, anabaki na mtu mmoja au hana mtu kabisa mbele yake, na anafunga chini ya kikapu. Grinnell wanaikubali hasara hiyo kwa makusudi. Pointi mbili za haraka zimemgharimu mpinzani sekunde sita au saba tu, na mpira umerudi kwao. Wanachokiogopa ni timu inayokaa na mpira sekunde 30, ikiwazungusha, ikiwapumzisha na kuwaganda. Mwendo ndio silaha yao, na kikapu cha bure cha mpinzani ndiyo bei wanayolipa ili mwendo usipungue.

Namba tano zinazotajwa kila mara ni zipi?

Arseneault na wenzake walichambua mechi zao na kupata malengo matano ya kufuata kila mechi:

1. Kurusha mara 94 au zaidi.
2. Nusu ya mitupo hiyo, yaani 47, iwe ya pointi tatu.
3. Kuokota ribaundi theluthi moja ya mitupo yao wenyewe iliyokosa.
4. Kumfanya mpinzani apoteze mpira mara 32.
5. Kurusha mara 25 zaidi ya mpinzani.

Tazama jinsi zinavyoshikana. Mitupo 94 kwa dakika 40 ni mtupo mmoja kila sekunde 25 na nusu, ukihesabu pia muda ambao mpira uko kwa mpinzani. Sema timu inapata theluthi ya mitupo yake ya pointi tatu: 47 inazaa vikapu 16 hivi, pointi 48. Ile 47 ya pointi mbili ikiingia nusu, inaongeza pointi 46 au 48. Jumla ni pointi 95 hivi kabla ya mitupo huru, ile ya adhabu ya faulo. Mpinzani aliyerusha mara 69, hata akipata asilimia 60 kwa sababu ya vikapu vya bure, anapata vikapu 41, yaani pointi 82 kama vyote ni vya mbili. Timu inayolenga vibaya imeishinda timu inayolenga vizuri, kwa wingi wa mitupo tu.

Ndiyo maana kati ya zote tano, sisi tungeitazama ya tano kwanza. Nyingine nne zipo ili kuizalisha.

Kubadilisha watu watano kwa mara moja kunaruhusiwa?

Kunaruhusiwa, lakini si wakati wowote. Wanaoingia lazima wajiandikishe kwenye meza ya waamuzi na wasubiri mpira usimame: faulo, mpira kutoka nje, kosa la kutembea, taimauti. Katika sheria za wanaume wa vyuo vya Marekani, saa haisimami baada ya kikapu isipokuwa dakika ya mwisho ya nusu ya pili na ya muda wa nyongeza, kwa hiyo kikapu chenyewe hakikupi nafasi ya kubadilisha.

Hapa ndipo Mfumo unapokwama mara nyingi. Filimbi isipolia kwa dakika mbili, kundi lililopo uwanjani limekwisha. Utaliona kwenye miguu: wanaobana wanafika nusu hatua wamechelewa, na nusu hatua hiyo inageuza mtego kuwa faulo. Faulo zikijaa, adhabu inaanza. Kwa sheria hizo, kuanzia faulo ya saba ya timu katika nusu mpinzani hupewa mtupo huru, na akiupata hupewa wa pili. Kuanzia ya kumi hupewa miwili moja kwa moja. Mitupo huru hiyo inampa mpinzani pointi saa ikiwa imesimama, kitu ambacho Mfumo hautaki hata kidogo.

Matokeo yalibadilika lini?

Mwaka 1996 Grinnell walichukua ubingwa wa Midwest Conference, wa kwanza tangu 1962, na mataji mengine ya ligi yakafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa, kwa misimu mingi, timu yenye wastani mkubwa wa pointi kuliko zote za NCAA, divisheni zote tatu. Msimu wa 2003–04 walifikia 126.2 kwa mechi.

Ubingwa wa taifa wa Divisheni ya Tatu hawajawahi kuuchukua.

Rekodi za pointi za mchezaji mmoja katika mechi moja zilipandaje hadi 138?

Watu wengi wanalijua jina la Jack Taylor tu, kana kwamba alitokea angani. Alisimama juu ya ngazi iliyojengwa kwa miaka 18:

Steve Diekmann alifunga 69 dhidi ya Simpson, Novemba 1994. Jeff Clement akafunga 77 dhidi ya Illinois College, Februari 1998. Griffin Lentsch akafunga 89 dhidi ya Principia tarehe 19 Novemba 2011, katika ushindi wa 145–97. Alipata mitupo 27 kati ya 55, kumi na tano kati yake ya pointi tatu, na mitupo huru 20 kati ya 22. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, tarehe 20 Novemba 2012, Taylor akafunga 138.

Wote wanne ni wa Grinnell, na kila mmoja alipofunga, rekodi ya Divisheni ya Tatu ilikuwa yake.

Kuna rekodi nyingine ambayo haipigiwi kelele, na kwetu ina uzito uleule: mwaka 2007 David Arseneault Mdogo, mwana wa kocha, alitoa pasi 34 zilizozaa vikapu katika mechi moja.

Nini hasa kilitokea tarehe 20 Novemba 2012?

Mechi ilichezwa ukumbi wa Darby, nyumbani. Mpinzani alikuwa Faith Baptist Bible, chuo cha Ankeny, kaskazini mwa Des Moines. Taylor alikuwa kijana wa mwaka wa pili kutoka Black River Falls, Wisconsin, aliyehamia Grinnell akitokea chuo kikuu cha Wisconsin–La Crosse. Mpango wa usiku ule ulikuwa mpira umfikie yeye kila inapowezekana. Wenzake walibana, wakanyang'anya, wakampa.

Karatasi ya takwimu inasema hivi: dakika 36, mitupo 108, iliyoingia 52. Ya pointi tatu 71, iliyoingia 27. Mitupo huru 7 kati ya 10. Ribaundi 3. Pasi za kikapu, sifuri. Pointi 58 kipindi cha kwanza, 80 cha pili. Grinnell 179, Faith Baptist 104.

Ukizichambua, zinasema zaidi ya kichwa cha habari. Mitupo 108 kwa dakika 36 ni mmoja kila sekunde 20, na mtu mmoja peke yake amepita lengo la timu nzima la 94. Ya pointi tatu aliipata kwa asilimia 38, kiwango kizuri tu cha mrushaji wa chuo, si muujiza. Lakini ondoa hiyo, utabaki na mitupo 37 ya pointi mbili ambayo 25 iliingia, yaani zaidi ya asilimia 67. Hiyo ndiyo mitego inavyoonekana katika namba: mpira umenyang'anywa karibu na kikapu na mrushaji yuko peke yake. Na alikosa mara 56. Mtu anayeogopa kukosa hawezi kucheza hivi, na wenzake wasingeendelea kumpa mpira kama hawakuwa wamefundishwa kwamba kukosa ni sehemu ya hesabu.

Ni kweli mpinzani mmoja alifunga 70 katika mechi hiyo hiyo?

Ndiyo. David Larson wa Faith Baptist alifunga 70, kwa mitupo 34 kati ya 44, kipindi ambacho wenzake wote kwa pamoja walifunga 34. Pointi 70 zingekuwa habari ya taifa siku nyingine yoyote. Ni picha kamili ya ile bei tuliyoieleza juu: ukipenya mtego, kikapu ni chako.

Rekodi ni halali wakati Faith Baptist si timu ya NCAA?

Ni halali. Kigezo kinachotenganisha hapa ni kama mpinzani ni chuo cha miaka minne, na Faith Baptist ni cha miaka minne. Mfano unaosaidia ni wa Bevo Francis wa Rio Grande, chuo kidogo sana cha Ohio. Mwaka 1953 alifunga 116 dhidi ya Ashland, lakini kwa kuwa Ashland kilikuwa chuo cha miaka miwili, pointi hizo hazikuingizwa katika vitabu vya NCAA. Februari 1954 akafunga 113 dhidi ya Hillsdale, chuo cha miaka minne, na hizo zikakubaliwa. Zilidumu miaka 58 hadi Taylor alipozipita.

Kwa hiyo Taylor amempita Wilt Chamberlain?

Wilt alifunga 100 katika NBA, Machi 1962, dhidi ya New York Knicks, watu wazima waliolipwa kucheza. Vitabu ni viwili tofauti na hakuna haja ya kuvipiganisha. Ndani ya Divisheni ya Kwanza ya vyuo napo rekodi ni 100, ya Frank Selvy wa Furman dhidi ya Newberry, Februari 1954.

Taylor aliwahi kurudia?

Ndiyo. Tarehe 17 Novemba 2013 alifunga 109 dhidi ya Crossroads ya Rochester, Minnesota, Grinnell wakishinda 173–123. Safari hii alirusha mara 70 na kupata 35, ya pointi tatu 24 kati ya 48, na mitupo huru 15. Kwa jicho letu huo ndio mchezo wake bora zaidi wa miwili: nusu ya kila alichorusha kiliingia, kwa mitupo 38 pungufu.

Si dharau kumfunga mpinzani dhaifu namna hiyo?

Swali ni la haki na tunalijibu kwa uzito. Kumpangia mtu mmoja mitupo 108 dhidi ya chuo kidogo zaidi yako ni uamuzi, na wanaosema ulikuwa uamuzi wa kutafuta rekodi wako sahihi. Unapingana pia na roho ya Mfumo wenyewe, ulioanzishwa ili watu 15 wacheze.

Lakini lawama nyingine hazisimami. Wanaosema "wangepunguza mwendo" hawajui kwamba hawa hawana mwendo mwingine. Kundi la tatu linapoingia linabana kama la kwanza, kwa sababu hayo ndiyo mazoezi yao tangu Oktoba. Kumwambia mchezaji wa kumi na nne, aliyengoja zamu yake ya sekunde 45, kwamba asikimbie, ni kumnyima kile alichojia. Na usisahau kwamba mpinzani katika mechi hizi naye hufunga pointi mia na ushee, jambo ambalo vijana wengi hawalioni tena maishani mwao.

Mfumo unashindwa lini?

Unashindwa na timu yenye waongoza mchezo wawili au zaidi wanaotulia. Mmoja akivamiwa anampa wa pili bila kupaniki, wanavuka nusu ya uwanja, halafu, na hapa ndipo penye nidhamu, wanakataa kikapu cha haraka kisicho cha uhakika kabisa. Wanatoa mpira nje na kula saa. Mitupo ya Grinnell inashuka, tofauti ile ya 25 inayeyuka, na wanabaki timu inayorusha vibaya bila wingi wa kuifidia.

Mfano ulionekana na watu wengi. Februari 2005 mechi yao ugenini dhidi ya Beloit ilioneshwa ESPN2, kituo cha televisheni cha michezo, heshima ambayo Divisheni ya Tatu haipati katika msimu wa kawaida. Watazamaji waliahidiwa mvua ya pointi. Beloit walishinda 86–85. Kwa timu iliyozoea kupita mia, 85 inakueleza nani aliutawala mwendo siku hiyo.

Kuna namna nyingine ya kushindwa inayotoka ndani: mchezaji mzuri anayeanza kuchagua mitupo. Akiuacha mtupo ulio wazi kwa sekunde ya nane ili atafute bora zaidi kwa sekunde ya ishirini, kundi zima linasimama, na wanaokimbilia ribaundi wanakuta hakuna kilichorushwa.

Uliwahi kujaribiwa na wanaolipwa?

Ndiyo. Mwaka 2014 Reno Bighorns, timu ya ligi ya maendeleo ya NBA iliyokuwa chini ya Sacramento Kings, ilimwajiri Arseneault Mdogo kuwa kocha na kucheza kwa mtindo huo. Pointi zilimiminika, pande zote mbili. Ugumu ulikuwa ule unaotarajiwa: mchezaji anayetafuta mkataba wa NBA anataka dakika 35 za kuonekana, na Mfumo unamwahidi zamu fupi fupi. Kile kinachomfurahisha kijana wa Divisheni ya Tatu ndicho kinachomtia wasiwasi huyu. Baadaye Arseneault Mdogo alirudi Grinnell na kurithi kiti cha baba yake.

Ni kweli waliwahi kucheza mechi bila kurusha hata mara moja ndani ya mstari?

Ndiyo, Novemba 2022, katika ushindi wa 124–67. Mitupo yao yote 111 ilikuwa ya pointi tatu, 40 ikaingia, na pointi nne zilizobaki zilitoka kwenye mitupo huru.

Mstari wa pointi tatu si umesogezwa nyuma tangu uwekwe?

Umesogezwa mara mbili. Ulianza mita 6.02 kutoka kikapuni mwaka 1986. Msimu wa 2008–09 ukawa mita 6.32, kwa hiyo huo ndio Taylor aliokuwa akiurushia. Kisha ukafuata kipimo cha kimataifa cha mita 6.75: Divisheni ya Kwanza 2019–20, na Divisheni ya Pili na ya Tatu msimu uliofuata. Nyongeza hiyo ya mwisho ya sentimeta 43 ni kubwa kwa mchezaji wa zamu fupi anayerusha akiwa anahema, kwa sababu mtupo hutoka miguuni, na miguu ndiyo inayochoka kwanza.

Tunafundisha timu ya chuo inayofuata sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu. Tunaweza kuucheza?

Mnaweza kuchukua vipande. Vizuizi ni vitatu. Orodha ya mechi ina wachezaji 12, kwa hiyo makundi matatu kamili hayapatikani. Fanyeni makundi mawili ya watano, na wawili wanaobaki wawe wa kuziba faulo. Faulo za timu zinahesabiwa kwa robo ya dakika 10, na kuanzia ya tano mpinzani anarusha miwili, kwa hiyo kubana kwa pupa kunaadhibiwa mapema zaidi kuliko Marekani. Na saa ya sekunde 24 inamharakisha mpinzani tayari, hivyo faida yenu ya mwendo ni ndogo. Cha kuwasaidia ni zile sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja, pungufu kwa mbili kuliko za vyuo vya Marekani. Mtego mmoja mzuri unaweza kuzimaliza.

Anzeni na kipande kimoja tu, ile kuudaka mpira ukitoka wavuni na kuurusha ndani. Mtu mmoja awe na kazi hiyo, asiwe yeyote aliye karibu, kwa sababu wawili wakisitasita sekunde mbili zimekwenda. Pimeni kwa saa ya simu tangu mpira upite wavuni hadi uvuke nusu ya uwanja. Mkiwa juu ya sekunde nne, tatizo karibu kila mara ni mwongoza mchezo anayeupokea akiwa amewapa mgongo wapinzani. Mgeuzeni ubavu kabla pasi haijatoka.

Kisha hesabuni mitupo, yenu na ya mpinzani, kwa mechi tatu kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Mwanafunzi mmoja aketi nyuma ya benchi na daftari lenye mistari miwili. Mistari hiyo ikikaribiana, hamjaanza bado.